Ukuta wa Stoo Hauvunjwi

Mliniacha juma lililopita nimesimama ndani ya stoo, sikio ukutani kama mwizi, nikimsikia mwanangu akimwambia mkewe: "Ukuta huu ukivunjwa, jiko litapumua. Mama ataenda kwa dada."

Kwa msomaji aliyedandia njiani, nitasema kwa ufupi. Mume wangu alifariki. Nyumba tuliyokuwa tumepanga ikabomolewa kupisha barabara. Nikahamia kwa mwanangu, ghorofa ya nne, vyumba viwili na stoo. Stoo ndiyo chumba changu. Kuna kitanda kimoja, dirisha moja, na nafasi ya kugeuka ukivuta tumbo ndani.

Upande wa pili wa ukuta ndiko kuliko na jiko. Na jiko hilo sasa lilitaka kula chumba changu.

Nilitoka stoo. Sikulia. Kulia nilimaliza juma la tatu, mnakumbuka.

"Nimesikia," nikasema.

Mwanangu akageuka. Mkewe akawa anaangalia kijiko alichoshika, kama hajawahi kukiona.

"Mama, si hivyo unavyofikiri."

"Sijafikiri. Nimesikia."

"Kwa dada kuna nafasi. Kuna uwanja. Utakaa kama malkia."

"Malkia hapewi kisu cha kukatia vitunguu."

Nieleze hapo. Binti yangu ananipenda mno. Nikishika ufagio kwake ananipokonya. Nikiosha kikombe anakiosha tena nikilala. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi kwa binti yangu nilikaa siku arobaini, na jembe sikuliona hata kwa mbali. Hapa kwa mwanangu ndimi ninayekata vitunguu, ninayechambua maharage, ninayeshusha taka. Hapa mimi ni mtu mwenye kazi yake.

"Sitoki," nikasema.

Hapo mkaza mwanangu akaweka kijiko chini, akakunja mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko.

"Mama, tazama. Hii ni ya mpini wa sufuria. Hii ni ya mlango wa oveni. Hii ni ya juzi, uliponipita nyuma na birika."

Alama tatu za moto, mbili zimekauka, moja mbichi. Ile mbichi sikujua kama ni yangu. Alikuwa amevaa mikono mirefu siku mbili nzima, katika joto lile, ili nisijue.

Niliona haya. Lakini haya peke yake haimhamishi mtu.

"Kwa hiyo shida si mimi," nikasema. "Shida ni jiko."

"Ndiyo maana tunataka kulipanua," akasema mwanangu.

"Halihitaji kupanuliwa. Linahitaji kupangwa."

Akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani nikimwambia atavaa viatu vile vile mwaka mwingine.

"Haya, mama. Makabati yakiingia yote bila kuvunja ukuta, ukuta utabaki. Yasipoingia, Jumamosi nakupeleka kwa dada, na hutabisha."

"Rudia mbele ya mkeo."

Akarudia. Nikaenda kutafuta chaki.

Nilishawaambia kwamba nilikuwa mpishi wa treni miaka kumi na tisa. Jiko la behewa ni hatua mbili kwa upana. Tulikuwa watatu mle ndani, abiria mia mbili wanakula kwa zamu, na sahani hazikuvunjika ila siku moja tu, ambayo nitaisimulia nikizeeka. Nikiona watu wawili wanagongana katika jiko la ghorofani, tena lililosimama tuli, nashangaa.

Fundi wa makabati alikuja Jumatatu. Nilimbatiza Milimita, kwa sababu kwake hakuna kitu kirefu wala kifupi. Kila kitu ni milimita. Ni mtu mzima, magoti yake mabovu, na huvua viatu mlangoni hata ukimwambia asivue. Makabati yake ni ya vipande. Kila kabati ni sanduku linalojitegemea, linatoka karakana limekwisha kila kitu, likifika nyumbani linapangwa na wenzake na kukazwa kwa skrubu. Uzuri wake ni haraka. Ubaya wake ni kwamba likishakatwa, limekatwa.

"Bibi," akasema, "jiko ni pembetatu. Sinki hapa, jiko la gesi hapa, friji hapa. Pembetatu yenyewe inaingia stoo."

"Kwenye treni hakuna pembetatu. Kuna mstari."

"Mstari unachosha miguu."

"Hesabu hatua zilizomo humu za kuchosha miguu."

Akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Nne."

"Haya. Nani amechoka?"

Akajikuna kidevu. Nikainama na chaki, nikamchorea sakafuni. Ukuta mmoja mrefu ubebe kila kitu. Kuanzia dirishani, sinki. Halafu droo tatu. Halafu jiko la gesi. Halafu meza ya kukatia, na friji ndogo chini yake. Mwisho, karibu na mlango, kabati refu la chakula. Ukuta wa pili, ukuta wangu, usibebe kitu ila meza ya bawaba. Ukila unaiinua. Ukimaliza unaishusha, na njia inarudi.

"Na huyu anayekata vitunguu atakaa wapi?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilikuwa nimepanga mahali pa vijiko nikasahau mahali pangu.

"Stuli," nikasema. "Iingie chini ya meza ya bawaba."

Akaandika. Kwa milimita, lakini aliandika.

Mkaza mwanangu hakuamini chaki, na simlaumu. Yeye ni mwalimu. Chaki anaijua, huandikwa na kufutwa. Nikashuka kwa muuza duka wa chini kuomba maboksi. Alinichagulia yasiyo na harufu ya sabuni, akanipandishia mwenyewe hadi ghorofa ya pili. Tukayapanga kufuata mistari yangu, Milimita akiwa bado anapima. Boksi sinki, boksi droo, boksi kabati.

"Fumba macho," nikamwambia mkaza mwanangu.

"Mama, nina madaftari ya kusahihisha."

"Fumba macho. Treni imeingia kwenye handaki, taa zimezimika, na sufuria inachemka. Nipe chumvi."

Akapapasa. Mara ya kwanza akashika kiberiti. Mara ya pili akashika sukari. Mara ya tatu mkono ulienda wenyewe.

"Nipe kijiko."

Mkono ukaenda.

"Sasa simama kwenye jiko, mimi napita na birika."

Nikapita. Sikumgusa hata upindo wa gauni. Nikapita tena, nikacheza kidogo kiunoni ili ajue nafasi imebaki.

Akafumbua macho, akacheka mpaka akaegemea friji.

"Mama, umeniweka kwenye boksi."

"Na umetosha."

Usiku ule akamwambia mumewe mbele yangu, "Tujaribu mstari wa mama." Nililala stoo nimenyoosha miguu yote miwili.

Ningependa kuishia hapo. Lakini niliwaahidi juma la kwanza kwamba sitaficha kitu, hata kitakachonivua nguo mbele yenu.

Jumatano Milimita alipiga simu akiwa chini barabarani.

"Bibi, kuna kipimo kimoja sina uhakika nacho. Urefu kutoka ukuta wa dirisha hadi fremu ya mlango. Siku ile maboksi yalinizuia. Nakuja, ila lifti imekufa tena. Nakuja polepole."

Nikachungulia dirishani. Nilimwona ameshika ukuta, anasugua goti.

"Usipande," nikamwambia. "Nitakuteremshia."

Kwenye treni hatukuwa na tepu. Tulipima kwa kamba yenye mafundo: unafunga fundo mwanzo wa kitu na fundo mwisho wake, unaipeleka kamba kwa seremala wa karakana, naye anakata kwa urefu ulio kati ya mafundo. Miaka kumi na tisa, hakuna rafu iliyokataa kuingia. Basi nikapima ukuta kwa uzi, nikafunga mafundo yangu mawili, nikautia kwenye kikapu pamoja na machungwa mawili, nikakishusha dirishani kwa kamba, kama tunavyofanya na mkate.

"Ni milimita ngapi, bibi?" akauliza kutoka chini.

"Haina milimita. Kata urefu ulio kati ya mafundo."

Alisita. Niliona anasita. Kisha akatazama ngazi, akatazama machungwa, akautia uzi mfukoni.

"Sawa, bibi. Nakuamini."

Sasa nakiri. Kamba ya treni ilikuwa ya katani. Ukiivuta hairefuki. Nyumbani hapakuwa na katani. Nilichukua uzi uliokuwa karibu, uzi wa sufu, wa sweta ninayoifuma.

Yeyote aliyewahi kufuma ameshajua kilichotokea. Mimi nimefuma tangu ujana, na sikujua.

Ijumaa makabati yalifika. Wapagazi wawili na Milimita, ghorofa nne kwa miguu. Mwanangu alikuwa kazini, anarudi saa kumi. Mkaza mwanangu alikuwa nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa siku ile. Nikachemsha chai ya watu watano kwenye jiko la kuazima.

Sinki likakaa. Droo zikakaa, ukiisukuma moja kwa kidole inajifunga yenyewe bila kelele, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Jiko likakaa. Meza ya kukatia ikakaa. Mkaza mwanangu alikuwa anapitisha kiganja juu ya kila kitu.

Wakaleta kabati refu.

Likasogea, likasogea, likasimama. Mlango ukaligonga ubavuni. Milimita akasukuma kwa bega. Likagoma. Akatoa tepu, akapima mara mbili.

"Limezidi," akasema.

"Kiasi gani?" akauliza mkaza mwanangu.

Kwa mara ya kwanza sikusikia milimita. Aliinua mkono.

"Vidole vinne."

Akatia mkono mfukoni, akatoa uzi wangu. Akaulaza ukutani bila kuuvuta. Ulikuwa sawasawa na ukuta. Akauvuta kidogo tu, kama fundi anavyovuta kamba mezani. Fundo likatembea vidole vinne.

Akanitazama. Nikamtazama. Akaukunja uzi polepole, akaurudisha mfukoni.

"Nimekosea kupima," akamwambia mkaza mwanangu. "Nisamehe, mwalimu. Kosa ni langu."

Mkaza mwanangu alimgeukia. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile, na natumaini wanafunzi wake pia hawajawahi.

"Wewe fundi wa milimita ndiwe unayekosea vidole vinne? Mtoto wa darasa la pili hakosei hivyo. Nani atakuamini tena? Nitawaambia walimu wote wasikuite hata kutengeneza kiti."

"Una haki, mwalimu."

"Sasa nifanye nini na kabati hili?"

"Njia iliyobaki ni stoo. Tuvunje ukuta, kabati liingie huko."

Alisema hivyo akitazama vidole vyake vya miguu. Viatu alikuwa amevua, kama kawaida.

Niwaambie ukweli. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, nilinyamaza. Nilijiambia: wakijua ni mimi, ukuta utavunjwa, na mimi nitaondoka nikiwa mkosaji. Nikinyamaza, ukuta utavunjwa vile vile, lakini nitaondoka nikiwa bibi mwema aliyeangushwa na fundi. Nilijiona nimekaa uwanjani kwa binti yangu, malkia bila kisu, na mtu mwenye magoti mabovu anakosa kazi kwa ajili yangu.

Mate yakashuka.

"Utoe mfukoni ule uzi," nikamwambia Milimita.

"Bibi, acha tu."

"Utoe."

Akautoa. Nikaupokea, nikauweka mkononi mwa mkaza mwanangu.

"Kipimo ni changu. Yeye alitaka kupanda ngazi, mimi nikamkataza. Vuta."

Akauvuta. Ukarefuka. Akauachia. Ukarudi.

"Mama. Sufu?"

"Sufu."

"Ulipima jiko kwa sufu?"

"Ndiyo iliyokuwa karibu. Ni ya sweta yako."

Akakaa juu ya kasha la vifaa. Nilidhani atalia. Alikuwa anautazama ule uzi, rangi ya zambarau, rangi aliyowahi kuniambia anaipenda, siku nyingi zilizopita, na mimi nikajifanya sikusikia ili nimfumie kwa siri.

Kisha akamgeukia Milimita. "Nisamehe, fundi. Nimekutukana."

"Hujanitukana, mwalimu. Umenisomesha."

Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia saa kumi.

"Mama, mwanao yuko njiani," akasema mkaza mwanangu. "Kabati halikuingia. Mlikubaliana, na mimi nilikuwepo."

"Wa kuhukumu ni yeye. Hajarudi."

Nikaingia stoo yangu kuvua kilemba, maana kichwa kilikuwa kimepata moto. Nikakiweka dirishani. Kikaanguka, kama kinavyoanguka kila siku. Kizingiti cha dirisha langu ni chembamba. Hakibebi hata kikombe.

Nikasimama pale pale na kilemba mkononi.

Dirisha la jikoni na la stoo, yote mawili yamo kwenye ukuta mmoja wa nje. Kizingiti changu hakibebi kikombe. Kile cha jikoni kinabeba sufuria.

Nikarudi mbio, mbio za umri wangu.

"Fundi, pima unene wa ukuta huu kwenye dirisha. Halafu kapime wangu."

Akapima. Akaenda stoo, akarudi.

"Wa jikoni umezidi," akasema polepole. "Umezidi vidole vinne na kitu."

"Ukuta mmoja, mjengaji mmoja. Unazidije?"

Akagonga vigae kwa kifundo cha kidole. Akasogeza sikio. Akatabasamu, mara ya kwanza siku ile.

"Bibi, hawa waliotangulia hawakubandua vigae vya zamani. Walibandika vipya juu yake. Huu ukuta umevaa nguo mbili."

"Basi tuuvue. Sinki litasogea vidole vinne kuelekea dirishani, na vyote vitalifuata."

"Mimi ni seremala, bibi. Ukuta wa watu siugusi bila neno la mwenye nyumba."

"Una tindo?"

"Ninalo la kutobolea matundu ya skrubu."

"Nipe. Na nyundo."

"Bibi."

"Wewe huruhusiwi kugusa. Mimi ni mama wa mwenye nyumba. Nani atanishitaki?"

Nikapanda juu ya stuli. Ikayumba. Mikono miwili ikaishika kwa chini. Ilikuwa ya mkaza mwanangu, na ule uzi wa zambarau ameuzungusha kifundoni.

Kigae cha kwanza kilitoka kizima. Nyuma yake vikaonekana vya kijani, vya zamani, na udongo mkavu.

"Vidole viwili," akasema Milimita na tepu yake.

Tukaendelea. Mimi nagonga, wapagazi wanapokea, Milimita anatia vipande kwenye ndoo. Nguo ya kwanza ikaisha yote. Nikaanza ya pili. Vya kijani vilikuwa vigumu, lakini mimi nimewahi kubandua ukoko wa sufuria za abiria mia mbili.

Ufunguo ukazunguka mlangoni.

Mwanangu aliingia, akaligonga kabati refu kwa bega, akapita kiubavu. Alimwona mkewe amepiga magoti, wapagazi na vumbi, na mama yake juu ya stuli na nyundo.

"Mama, unafanya nini?"

"Natafuta vidole viwili."

"Shuka."

"Bado kidogo."

"Mama, shuka. Kabati halikuingia, naliona. Nimeshapata gari la kesho asubuhi. Shuka ukapange nguo zako."

Nikaweka tindo kwenye kigae kingine. Akamgeukia mkewe.

"Mwambie ashuke."

Stuli ikatikisika. Nilidhani anaiachia. Nami nilikuwa tayari kumsamehe, kwa sababu ya zile alama tatu.

Hakuiachia. Alikuwa anabadilisha mkono ili aishike vizuri zaidi.

"Gonga, mama," akasema.

Nikagonga. Tindo likaingia kirahisi mno, kama kisu kwenye papai lililoiva.

Kisha nikasikia mlio. Mwembamba, wa hasira, kama paka aliyekanyagwa mkia. Mkono wa gauni langu ukalowa hadi kwapani.

"Bibi," akasema Milimita, kwa upole wa mtu anayemwongelesha mtoto aliye ukingoni mwa kisima. "Usilitoe hilo tindo."

"Ni nini?"

"Bomba la maji. Umelitoboa, na umeliziba. Ukilitoa, jengo lote litaoga."

"Koki kuu iko wapi?" akauliza mwanangu.

"Chini, kwenye chumba cha mlinzi," akasema mkewe.

"Na ufunguo?"

"Anao mlinzi."

"Mlinzi yuko wapi?"

Wapagazi wakatazamana. Mmoja akasema walimpita getini wakati wanapandisha makabati, amevaa nguo za kutokea, anaenda harusini.

Maji yakaanza kupenya pembeni mwa tindo, yakashuka ukutani, yakatambaa sakafuni. Mwanangu, aliyekuwa ameniambia nishuke, nishuke, nikapange nguo, akaja hadi chini ya stuli. Akanishika miguu yote miwili. Suruali yake ya kazini ilikuwa imelowa magotini.

"Mama, nakuomba," akasema. "Usisogee hata kidogo."

"Nilikuambia tangu mwanzo," nikamjibu. "Sitoki."

Mkaza mwanangu akacheka, kisha akaacha ghafla. Alikuwa anatazama mlango wa stoo. Nikageuza shingo, maana ndiyo pekee niliyoruhusiwa kugeuza.

Maji yalikuwa yameshavuka kizingiti, yanaingia chini ya kitanda changu.